Mbio za Fundi Saa na Beberu Wake

Palikuwa na fundi saa mmoja ambaye, tangu ajifunze kazi hiyo ujanani mpaka akaota mvi, hakuwahi kuwa na haraka. Saa za watu ndizo zilizokuwa na haraka. Yeye alizifungua, akazipuliza vumbi, akazirudishia haraka zao, kisha akaegemea kiti. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, chini kabisa ya mlima: meza yenye vidroo vingi, taa ya shingo ndefu, lenzi ya kubana jichoni, na kiti chenye mto ambao mkewe alikuwa ameujaza upya mara nyingi, maana kila ukijazwa ulibonyea tena kufuata umbo la mwenyewe. Kitandani hadi kitini, kitini hadi mezani, mezani hadi kitandani: huo ndio ulikuwa mzunguko wake. Akiulizwa, alisema mshale wa saa nao huzunguka palepale maisha yake yote na hakuna anayeulaumu.

Aliyemlaumu yeye alikuwa daktari. Alimpima presha, akamtoa damu ya kupima sukari, akamzungushia futi kamba kiunoni, ncha mbili za futi zikakataa kuonana. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mzee, vidonge nitakupa, lakini vidonge havina miguu. Nyumba yako iko mlangoni mwa mlima. Watu wanatoka mbali kuja kukimbia kwenye njia zile, wewe unaziangalia dirishani kama picha ya kalenda. Panda. Kila siku, hata kidogo."

Fundi angeyaacha maneno hayo palepale hospitalini kama isingekuwa binti yake. Binti huyo alikuwa muuguzi katika mji wa bondeni, na tangu utotoni, alipokuwa akiwafunga kuku bandeji, watu walimwita Nesi. Babake akawa Baba Nesi na mamake Mama Nesi. Nesi alipopata habari za futi kamba, alikuja siku yake ya mapumziko, akaichukua simu ya babake na kuiwekea programu ya wakimbiaji. Programu hiyo ilichora kwa mstari mwekundu njia yote ambayo simu ilipita, ikaonyesha mahali mtu alipokimbia, alipopanda na aliposimama kupumzika, na yote hayo Nesi angeyaona kwenye simu yake kule kazini. Penye jina akaandika "Baba Mpendwa". Akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo kwa maswali yaliyofuata bila kuyasoma, na mojawapo ya ndiyo hizo iliruhusu njia za Baba Mpendwa zionekane kwa kila mkimbiaji wa milima ile.

Tena, kwa kuwa mzee alikuwa na tabia ya kutosikia simu akiwa na saa mkononi, Nesi alirekodi sauti yake mwenyewe ikawa ndio mlio: "Baba! Baba, pokea simu! Najua uko hapo!"

Siku ya kwanza fundi alipiga moyo konde akatoka. Alifika kona ya kwanza, akakaa juu ya jiwe ili atazame mandhari, na mandhari yenyewe ilikuwa paa la nyumba yake. Hapo ikapita pikipiki inayokwenda kwenye machimbo ya mawe. Fundi akainua kidole. Jioni simu ikalia.

"Baba, hongera! Umefika mpaka machimboni!"

"Nimejikaza, mwanangu."

"Na kushuka umeshuka kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa."

Fundi akakohoa. "Kuna mteremko pale," akasema.

"Baba."

"Mkali sana."

Hivyo pikipiki ikawa imefutwa kwenye hesabu. Fundi akakaa kitini akiwaza, na alipokuwa akiwaza, beberu wake akapita mbele ya dirisha akiburuta kipande cha kamba aliyokwisha kuitafuna.

Beberu huyo aliitwa Diwani, kwa sababu alikuwa na ndevu, kitambi, na desturi ya kuingia majumbani mwa watu bila hodi na kutoka ameshiba. Kila alasiri alikata kamba na kupotelea mlimani. Jioni alirudi mwenyewe, amechoka, ameridhika, macho nusu yamefumba. Alikokwenda hakuna aliyejua, maana hakuna aliyekuwa na miguu ya kumfuata. Fundi akamtazama Diwani akipanda ile kona ya kwanza bila hata kuiangalia, akahisi kitu kikimwangukia kichwani kama baraka.

"Mama Nesi," alimwambia mkewe usiku huo, "nishonee kijifuko cha simu chenye mkanda."

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kibanda chake kilikuwa sokoni na alishinda huko mpaka jua kuzama. "Mkanda wa kiunoni?"

"Wa shingoni."

"Shingoni? Simu ikupige kifua njia nzima?"

"Wakimbiaji wa siku hizi wanavaa shingoni," akasema fundi.

Mkewe akashona kijifuko kizuri kwa masalia ya kitambaa cha buluu cha sketi za darasa la tano, akakitia na kifungo. Kesho yake alasiri, Diwani alipanda mlima akiwa amevaa sehemu ya sare. Fundi akafunga mlango wa duka, akajilaza kwenye mkeka nyuma ya kabati la saa mbovu, akalala usingizi wa mtu anayefanya mazoezi.

Jioni Diwani aliporudi, fundi alimvua kijifuko, akajimwagia maji kichwani na kifuani, akaketi mlangoni akihema. Simu ikalia hapohapo.

"Baba!" Nesi alikuwa karibu kulia. "Baba, umepanda mpaka mgongo wa mlima! Umevuka kijito! Umekimbia, Baba! Nimewaonyesha wenzangu wote wodini!"

"Nilianza polepole," akasema fundi, "kisha mwili ukakubali."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mwongo huyu ilikuwa ndefu, ilikuwa na miinuko, na kila siku iliongezeka. Diwani hakuwa mtu wa kurudia jambo. Leo alivuka kijito kwenye maporomoko, kesho alipita juu ya ukuta wa tangi la maji. Alizunguka mwamba mmoja mkubwa mara tatu bila sababu inayojulikana, kisha akapanda moja kwa moja jabali ambalo hata maji ya mvua hushuka kwa kushikilia. Lakini popote alipoanzia, mstari mwekundu uliishia sehemu ileile, kwenye boma moja upande wa pili wa mgongo wa mlima, na hapo ulitulia kwa muda mrefu kabla ya kuanza kurudi.

Kitambi cha fundi hakikupungua hata kidogo. "Kitambi ndicho cha mwisho kuondoka," alimweleza mkewe, "kinasubiri vingine vitangulie."

"Na hiyo harufu?"

"Harufu gani?"

"Baba Nesi, kabla ya mazoezi ulikuwa unanuka mafuta ya saa. Sasa unanuka kama zizi."

"Ni sumu inatoka mwilini," akasema fundi, naye alishaanza kujiamini. Mkewe akakichukua kile kijifuko kwa vidole viwili, akakifua, akakianika.

Siku zikapita, na kila Jumamosi fundi akaanza kuona mambo mapya dirishani. Wakimbiaji wenye kaptula za rangi za ndege walikuwa wakikimbia kwenye njia pana ya mlimani siku zote. Sasa walisimama mbele ya nyumba yake, wakatazama simu zao, wakabishana, wakapenya kwenye tundu la ua wake ambalo lilikuwa saizi ya beberu. Walirudi wamechanwa na miiba, wameloa, wamefurahi. Mmoja alirudi bila kaptula, amejifunga majani.

Siku moja kiongozi wao aliingia dukani kubadilisha betri ya saa yake ya mbio. Alikuwa karani wa benki mwenye miguu mirefu hivi kwamba magoti yalionekana kuanzia kifuani, na wenzake walimwita Korongo.

"Fundi, wewe unakaa hapa siku zote," Korongo akasema akipangusa damu kwenye kiwiko. "Hujawahi kumwona mtu mmoja anapita hapa kila alasiri? Mkimbiaji hatari sana. Anajiita Baba Mpendwa."

Fundi akatoa lenzi jichoni. "Hatari vipi?"

"Huyu si mtu wa kawaida! Njia zake hazina akili lakini zina maana. Kuna mwamba anauzunguka mara tatu. Tumejadiliana kwenye kikundi wiki nzima, tumegundua ni kuzoesha mapafu. Jabali la juu analipanda kwa muda ambao mimi natumia kufunga kamba za viatu. Na akifika kwenye boma moja kule ng'ambo anapumzika, halafu anarudi bado ana nguvu! Mwenzetu mmoja amejaribu kumfuata, yuko kitandani."

Mtu anaweza kunyamazia njaa na hata maumivu, lakini sifa ni ngumu kuinyamazia. Fundi aliifunika saa ya Korongo, akaipangusa kioo, akairudisha, akasema kwa sauti ya chini, "Anayekaa mbele yako ndiye."

Korongo akamtazama usoni. Macho yakashuka mpaka kitambini, yakakaa hapo, yakarudi juu.

"Wewe?"

"Injini haikai nje ya gari," akasema fundi.

Korongo akasimama, akainamisha kichwa kama aliyeingia mahali patakatifu, akamshika fundi mkono kwa mikono yote miwili. "Mzee wangu, Jumamosi nakuja na kikundi kizima. Utatangulia, sisi tutafuata nyuma. Hata tukikuona mgongo tu, inatosha." Akatoka mbio kabla fundi hajapata la kujibu.

Usiku huo fundi alitokwa na jasho la kweli kwa mara ya kwanza.

Wakati huohuo kule ng'ambo mambo yalikuwa yanaiva. Lile boma lilikuwa la mjane mmoja mwenye mbuzi majike wazuri na ulimi usiokuwa na kifuniko. Alikuwa amechoka na beberu asiyejulikana anayeruka ua wake kila alasiri, ila alipomwona anakuja na kifuko cha buluu shingoni aliogopa kumgusa. Huenda mtu alikuwa amemfunga dawa. Na siku moja, alipokuwa amemnyatia kwa nyuma na fimbo, beberu akasema kwa sauti ya msichana: "Baba! Baba, pokea simu! Najua uko hapo!"

Mjane aliangusha fimbo, akaingia ndani, akasukuma kabati mlangoni.

Kesho yake beberu alipoongea tena, mjane alishapata usingizi na ujasiri. Alimshika pembe, akafungua kifuko, akakuta simu inawaka. Akaiweka sikioni.

"Haloo!"

Nesi, kule wodini, aliitoa simu yake sikioni akaangalia jina, akairudisha. "Samahani, hii si simu ya baba yangu?"

"Ni ya nani sijui, nimeitoa shingoni kwa huyu mpumbavu."

"Yuko hapo?"

"Yuko! Kila siku ya Mungu yuko hapa! Anaruka ua kama kwake. Nimemfukuza kwa fimbo, nimemmwagia maji ya vyombo, anatikisa ndevu tu anarudi."

Nesi akafungua ramani kwenye simu ya mwenzake. Mstari mwekundu ulikuwa umetulia kwenye boma, mahali ambapo kila siku alidhani babake ananyoosha viungo. "Mama," akasema polepole, "anakuja kufanya nini hapo?"

"Unaniuliza mimi? Mwanangu, wewe ni mtu mzima, unajua kinachomleta. Na hatosheki na mmoja! Watatu tayari wana mimba, na ni wazi zote ni za nani, maana hakuna mwingine anayekuja hapa."

Nesi akakaa kitandani, juu ya mguu wa mgonjwa. Mgonjwa hakulalamika; alikuwa anasikiliza.

"Na sasa hivi anafanya nini?"

"Sasa hivi? Kapanda juu ya paa!"

"Juu ya paa?" Nesi akapiga kelele. "Na presha yake ile?"

Mtandao ukakatika. Mjane akasubiri kidogo, kisha akaona asije akaitwa mwizi bure, akairudisha simu kifukoni na kufunga kifungo. Nesi naye hakumpigia babake tena. Alimpigia shangazi yake.

Shangazi huyo, dada mkubwa wa fundi, alikuwa mwenyekiti wa kudumu wa vikao vyote vya ukoo, hata vile ambavyo hakuitwa. Alikuja Jumamosi asubuhi pamoja na Nesi, mkoba mweusi kwapani, uso umekunjwa tayari.

Fundi alikuwa ameamka mapema akajifunga bandeji kubwa gotini, maana hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake dhidi ya Korongo. Alipochungulia dirishani aliona ua umejaa watu. Upande mmoja wakimbiaji wapatao ishirini wananyoosha miguu kwenye kamba ya nguo. Upande wa pili dada yake anatafuta kiti. Katikati amesimama mkewe na sufuria ya chai, hajui aanzie upande gani kugawa.

"Baba Mpendwa!" wakapiga kelele wakimbiaji alipotokea.

"Ndiyo, mpendwa," akasema dada yake. "Tumesikia anavyopendwa. Kaa hapo, mdogo wangu."

Fundi akakaa, mguu ameunyoosha mbele. "Dada, karibu. Goti hili leo..."

Nesi hakumsalimu. Alipiga magoti, akaifungua ile bandeji mizunguko miwili, akalibonyeza goti kila upande, akainuka. "Goti ni zima kama la mtoto," akawatangazia watu wote.

"Vizuri," akasema shangazi. "Goti likiwa zima, na ulimi uwe mzima. Mdogo wangu, huko ng'ambo ya mlima kuna boma la mjane. Unalijua hulijui?"

"Silijui."

"Analijua sana!" akasaidia Korongo kwa moyo mwema. "Kila siku anapumzika pale. Saa nzima wakati mwingine."

Mama Nesi akaitua sufuria chini taratibu.

"Mjane mwenyewe kasema kwa mdomo wake," shangazi akaendelea. "Unaruka ua. Unafukuzwa, unarudi. Unapanda paa mchana kweupe. Na watatu wana mimba! Watatu, mdogo wangu! Baba yetu alikuwa na wake wawili akazeeka kabla ya siku zake!"

Wakimbiaji walikuwa wameacha kunyoosha miguu. Mmoja wao aliguna kwa heshima kubwa.

Fundi aliangalia upande huu, akaangalia upande ule. Akibaki mkimbiaji, amekuwa mzinzi. Akikana uzinzi, hakukimbia. Alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona katika ndoa yao yote, si ya hasira, ni kama ya mtu anayeangalia nguo iliyokatwa vibaya akitafuta ilipokosewa. Hapo fundi akashindwa.

"Si mimi!" akasema. "Ni Diwani!"

"Diwani?" shangazi akashika kifua. "Yule tuliyempigia kura? Mwenye gari jeupe?"

"Ndiyo maana barabara haitengenezwi," akasema mkimbiaji mmoja.

"Diwani beberu!" akalia fundi. "Beberu wangu! Namfunga simu shingoni anapanda yeye, mimi nalala nyuma ya kabati!"

Kutoka bandani Diwani akapiga chafya.

"Shingoni," Mama Nesi akasema, kama anayesoma neno ubaoni. "Wakimbiaji wa siku hizi wanavaa shingoni." Akageuka, akaenda ukutani, midomo yake inatetemeka, na watu wakadhani analia.

Aliyelia kwa kweli alikuwa Korongo. "Na ule mwamba?" akauliza. "Mara tatu? Mapafu?"

"Sijui, mwanangu. Labda alikuwa anajikuna."

Lakini shangazi hakuwa mtu wa kufunga kesi bila ushahidi. Mume aliyekamatwa, alisema, hata jogoo atamsingizia. Akaamuru beberu avishwe kifuko na kuachiwa mbele ya watu wote, na kila mmoja amfuate, na mshtakiwa naye afuate. "Tukifika kwa huyo mjane, atatambua nani ni nani."

Basi wakatoka. Diwani alipita kwenye tundu la ua kama kawaida yake, na nyuma yake wakapita wakimbiaji ishirini, mmojammoja, kwa kutambaa. Nesi akafuata. Shangazi hakupita kwenye tundu. Alikanyaga ua ukalala, akapita juu yake kama zulia.

Fundi alikuwa wa mwisho, na mkewe alikuwa nyuma yake kumzuia asirudi. Kwenye kona ya kwanza alitafuta lile jiwe lake. "Endelea," mkewe akasema. Kwenye kijito aliteleza akakaa majini, maji yakapanda mpaka kifungo cha pili cha shati. "Endelea." Kwenye mwamba mkubwa walikuta wakimbiaji wote wamesimama wakishuhudia Diwani akiuzunguka taratibu, ubavu wake unasugua jiwe, macho yamefumba kwa raha. Alipomaliza mzunguko wa tatu Korongo alikaa chini akaficha uso wake magotini, na wenzake wakampigapiga mgongoni.

Jabali hawakulipanda; walipita kando, kwenye njia ya watu. Hapo fundi alikwenda kwa mikono na miguu, akishika vichaka kimoja baada ya kingine na kuviomba radhi. Pumzi yake ilitoka na sauti kama mlango wa ghala. Mbele yake aliona visigino vya dada yake vikipanda bila kusita, na mkoba ukiwa palepale kwapani. Aliwaza jinsi mtu mwenye umri ule anavyoweza, kisha akakumbuka kwamba dada yake amekuwa akitembea kwa miguu kwenda kuingilia mambo ya watu tangu ujana wake.

Walipofika ng'ambo, mjane alikuwa mlangoni na ndoo ya maji tayari. Aliona beberu akiruka ua. Nyuma ya beberu akaona watu wenye kaptula za rangi, mwanamke mwenye mkoba mweusi, na msichana mwenye sare ya uuguzi. Akaweka ndoo chini.

"Mmekuja na ukoo mzima?" akasema. "Basi afadhali. Mnaleta mahari au mnakuja kumchukua mtu wenu?"

"Mama," shangazi akasema akihema, "tuonyeshe anayekusumbua."

"Si huyo hapo!" Mjane akamnyooshea kidole Diwani, ambaye alikuwa ameshasimama katikati ya majike sita, akisalimia. Watatu kati yao walikuwa na matumbo mapana kama ngoma.

"Na huyu?" Shangazi akamwonyesha mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatokea kwenye njia, amejaa matope, mkewe anamsukuma kwa viganja viwili mgongoni.

Mjane akamwangalia fundi kuanzia unyayo hadi utosi, akamsubiri afike, akachoka kumsubiri. "Huyu?" akasema. "Dada yangu, huyu hata ua wangu hawezi kuuona, sembuse kuuruka."

Hapo Mama Nesi akaachia kicheko alichokuwa amekibana tangu nyumbani. Alicheka akashika mti, mti haukutosha, akakaa chini. Mjane akamwona, naye akaanza. Shangazi alijitahidi kuilinda sura ya kikao, lakini Diwani alipokula kamba ya mkoba wake, mkoba ukaanguka, naye akashindwa. Wakimbiaji wakacheka. Hata Korongo akacheka, ingawa kicheko chake kilikuwa na kwikwi ndani.

Nesi hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye gogo kando, ameyapa mgongo makelele, na fundi, alipopata pumzi ya kutosha kusimama, alimwendea.

"Mwanangu."

"Niliwaonyesha wodi nzima," Nesi akasema. "Kila siku. Wagonjwa wananiuliza, baba leo kafika wapi? Kuna mzee mmoja alikuwa hataki kuinuka kitandani, nikamwonyesha njia zako, akainuka. Mimi nikirudi nyumbani nalala vizuri kwa sababu nasema, baba hatakufa kesho."

Fundi alikaa kwenye gogo, gogo likazama kidogo upande wake, Nesi akateleza mpaka wakagusana mabega.

"Huyo mzee aliinuka?" fundi akauliza baadaye.

"Anatembea mpaka bustanini."

"Basi usimwambie."

"Sitamwambia," akasema Nesi. "Ila wewe umefika hapa leo kwa miguu yako, Baba. Umeona?"

Fundi akageuka akatazama walikotoka. Mji ulikuwa chini kabisa, na mapaa yake madogo yalifanana na vyuma vya saa vilivyomwagwa juu ya kitambaa. Alitafuta paa lake, asilione. Hakuwahi kuuona mlima kutokea upande huo, na kwa muda alisahau kuhema.

Kesi ikahukumiwa palepale. Wana-mbuzi wakizaliwa wangegawanywa nusu kwa nusu baina ya mjane na mwenye beberu. Diwani alivuliwa kifuko. Fundi angepanda kila asubuhi kabla ya kufungua duka, simu mfukoni mwake yeye, na Mama Nesi angekwenda naye, maana shahidi mwingine hakuwepo anayeaminika. Siku za mapumziko Nesi angekuja kutembea nao.

Wiki za kwanza zilikuwa za aibu. Mstari mwekundu wa Baba Mpendwa ulifika kwenye lile jiwe la kona ya kwanza ukaishia hapo, na wakimbiaji waliotoka mbali wakaandika kumpa pole, wakidhani amevunjika mguu. Kisha mstari ukafika kijitoni. Mkewe alikuwa akimsimulia habari za sokoni huku wakipanda, na alizikata makusudi mahali patamu, akasema zilizobaki ziko juu ya kona inayofuata. Kwa njia hiyo fundi alijua nani ameachana na nani, na alifika machimboni bila pikipiki.

Korongo na kikundi chake nao hawakuacha. Baada ya huzuni ya siku chache walikubaliana kwamba njia ni njia, awe ameifungua nani, na hii ilikuwa nzuri kuliko zote walizokuwa nazo. Wakapaka alama nyeupe kwenye mawe, wakatangaza mbio. Mjane akakabidhiwa kituo cha maji kule juu, naye aliwagawia wakimbiaji maji na matusi kwa kipimo sawa. Kwenye mwamba waliweka kibao: Zunguka mara tatu. Aliyeuliza kwa nini aliambiwa ni kwa ajili ya mapafu.

Fundi alijiandikisha kwenye mbio fupi, ile ya kufika machimboni na kurudi. Alivaa namba kifuani, mkewe akiwa pembeni yake, Nesi mbele. Alitanguliwa na watoto wa shule. Akatanguliwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Kisha dada yake akampita na mkoba mpya, hata hakugeuka. Alipofika mwisho, kamba ya kumalizia ilikuwa imeshakunjwa na Korongo akalazimika kuikunjua upya. Watu wakapiga makofi, na fundi akawapungia mkono kama mtu anayefukuza nzi.

Akakaa kwenye benchi kuvua viatu. Alivua kimoja, na akiwa ameinama kukifikia cha pili, akasinzia hivyohivyo, kidevu kifuani. Mama Nesi alitaka kumtikisa. Nesi akamzuia, akachuchumaa, akashika kifundo cha mkono wa babake, akahesabu mapigo akiangalia saa. Akahesabu tena kwa uhakika.

"Yako vipi?" akauliza mamake.

"Yako vizuri," akasema Nesi. "Mwache alale."